Abbas ibn Firnas: Fundi wa bilauri anayekumbukwa kwa mabawa

Katika duka kubwa la Ibn Battuta mjini Dubai, lililofunguliwa mwaka 2005, ukumbi mmoja umepewa jina la Andalusia. Humo iliwekwa sanamu ya mtu mwenye mabawa, ikining'inia juu ya vichwa vya wanunuzi.

Mtu huyo ni Abbas ibn Firnas, mwanachuoni wa karne ya 9 ambaye wengi humjua kwa jaribio moja tu la kuruka angani. Lakini kazi yake kubwa ilifanyika chini, mbele ya tanuru na meza ya kuchongea mawe.

Ibn Firnas alizaliwa karibu na mwaka 810 katika eneo la Ronda, kusini mwa Hispania ya leo, katika ukoo wenye asili ya Kiberberi. Aliishi Cordoba, makao ya watawala wa Bani Umayya, akiwa mshairi wa baraza, mnajimu na mhandisi. Alimtengenezea Amir Muhammad wa Kwanza, aliyeanza kutawala mwaka 852, saa iliyoendeshwa kwa maji.

Jiwe lililopelekwa ng'ambo

Zama hizo wafalme walishindana kumiliki vyombo vilivyochongwa kwa jiwe angavu kama maji. Waarabu waliliita billaur, na ndiko Kiswahili kilikopata neno bilauri. Kwa lugha ya sayansi jiwe hilo ni silika, muungano wa silikoni na oksijeni, ambayo pia hupatikana kwa wingi katika mchanga.

Silika ni ngumu mno. Kisu cha kawaida cha chuma hakiichubui. Kwa hiyo watu wa Andalusia walilipeleka jiwe lao Misri likachongwe. Ibn Firnas anasifiwa kwa kubuni njia ya kulikata, na tangu hapo kazi hiyo ikaweza kufanyika nyumbani.

Habari hii si ngeni kwa Afrika Mashariki. Mwanachuoni al-Biruni aliandika katika karne ya 11 kwamba mafundi wa Basra walichonga bilauri iliyotoka visiwa vya Zanj. Jiwe lilisafirishwa likiwa ghafi, na thamani yake ikaongezwa kwingine.

Mchanga motoni

Silika safi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,700 hivi za Selsiasi, kiwango kilichozishinda tanuru za wakati ule. Mafundi waliichanganya na majivu ya mimea yenye magadi, au na madini ya risasi, ili iyeyuke kwa joto dogo zaidi na kuwa kioo.

Ibn Firnas hutajwa kuwa mtu wa kwanza Andalusia kutengeneza kioo kutokana na mawe. Hata hivyo, mabaki yaliyofukuliwa Shaqunda, kitongoji cha Cordoba kilichobomolewa mwaka 818, yanaonyesha kwamba kioo chenye risasi kilitengenezwa huko alipokuwa bado mtoto. Huenda basi aliiendeleza kazi aliyoikuta.

Leo silika iko katika kila maabara: katika chupa za kupimia, katika vyombo vinavyostahimili moto mkali, na katika chembechembe zinazofyonza unyevu ili dawa na vifaa visiharibike.

Kejeli na mabawa

Nyumbani kwake Ibn Firnas alitengeneza chumba kilichoonyesha nyota, mawingu na umeme. Mshairi Mumin ibn Said alimkejeli, na wengine wakamtuhumu uzushi katika dini, lakini akaachiwa huru.

Yapata mwaka 875, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, alijivika manyoya na mabawa akajirusha kutoka mahali pa juu. Inasimuliwa kwamba alielea masafa fulani, kisha akaumia mgongo alipotua, kwa kuwa hakujiwekea mkia. Simulizi hiyo imetufikia hasa kupitia al-Maqqari, mwanahistoria wa karne ya 17, ingawa beti za Mumin nazo zinaigusia.

Ibn Firnas alifariki dunia mwaka 887. Mwaka 1976 jina lake lilipewa shimo moja kubwa mwezini, na mwaka 2011 daraja lenye jina lake lilifunguliwa Cordoba.

Kumbukumbu hizo zinatazama zaidi mabawa. Ufundi wake wa jiwe haukujengewa sanamu, ingawa Mswahili anayeomba bilauri ya maji bado hulitaja jiwe hilo kwa jina lake la kale.