Maisha ya Meja João Teixeira Pinto, Aliyekufa Ngomano

Katika toleo hili tunawaletea habari za mtu aliyekufa akilinda mpaka wa kwetu.

João Teixeira Pinto alizaliwa mwaka 1876 huko Moçâmedes, Angola, akawa afisa wa jeshi la Ureno. Kati ya 1913 na 1915 aliongoza vita vya kuitiisha Guinea. Wareno walimsifu, lakini wenyeji waliochomewa vijiji walimwogopa.

Vita Kuu ikafika kwetu. Aprili 1916 Wareno waliitwaa Kionga, jirani na Palma, kutoka kwa Wajerumani. Mwaka 1917 meja huyu aliwekwa Ngomano, mbali na pwani, mahali mto Lujenda unapoingia Ruvuma. Tarehe 25 Novemba, Wajerumani wakiongozwa na von Lettow-Vorbeck, hali wameishiwa chakula na risasi, walivuka mto wakaishambulia kambi. Meja aliuawa mapema, na kambi ikaanguka siku hiyo hiyo. Silaha zilizowekwa kuulinda mpaka zikawapa adui nguvu mpya. Hawakusalimu amri hadi 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili baadaye.

Walioumia zaidi ni wapagazi na wanavijiji. Majeshi yaliwanyang'anya chakula, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa bila majina yao kuandikwa.

Sisi tulioikimbia Palma Machi 2021 tunalielewa jambo hili. Basi, tunapomtaja meja, tuwakumbuke na wapagazi. Mungu anawajua wote kwa majina.