Mwalimu wa Butiama na Fumbo la Uovu

Kila mwaka, ifikapo tarehe 14 Oktoba, taifa letu humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki dunia mjini London mwaka 1999. Siku hiyo husemwa mengi juu ya uhuru, muungano na siasa, na mengi ya hayo ni haki yake. Lakini nyumba za Wakatoliki zina sababu nyingine ya kuyasoma maisha ya mtu huyu kwa makini. Jimbo la Musoma ndilo lililoanzisha kesi ya kuyachunguza maisha hayo, na tangu mwaka 2005 yeye huitwa Mtumishi wa Mungu. Mtu akichunguzwa hivyo, si mema yake tu yanayowekwa mezani. Basi twapenda kuyaeleza maisha yake kwa upande usiotazamwa sana, yaani jinsi alivyohangaika kwa kalamu na kwa matendo, tangu ujana hata uzee, na swali la kale: je, uovu watoka wapi, katika moyo wa mtu, au katika taratibu za dunia wanamoishi watu?

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano miongoni mwa wake 22. Yasemwa kwamba mvua ilinyesha siku aliyozaliwa, naye akapewa jina la Kambarage, ambalo ni jina la mzimu wa mvua. Penye makazi ya mtemi, mahali paitwapo Mwitongo, pana msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki waliuheshimu kuwa makao ya mzimu wao. Mtoto aliyekulia hapo hakungoja shule imfundishe kwamba dunia hii ina mwenyewe.

Shule aliipata mwaka 1934, huko Mwisenge mjini Musoma, akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Huko ndiko alikoanza kuyasikia mafundisho ya dini yetu, akifuatana na rafiki wa darasani. Baadaye alikwenda Tabora, kisha Makerere. Baba yake alifariki mwaka 1942, na mwaka uliofuata, tarehe 23 Desemba, kijana huyo alibatizwa katika misioni ya Nyegina, karibu na Musoma, misioni iliyofunguliwa na Mapadre Weupe mwaka 1911. Jina alilochagua ni Julius. Hakuna aliyejua siku ile kwamba miaka 20 baadaye angemrudia Julius mwingine, yule wa Roma, asiye mtakatifu hata kidogo.

Jambo moja la Makerere lastahili kutajwa hapa. Katika mashindano ya uandishi alipata tuzo kwa insha juu ya utumwa wa mwanamke, akiyatumia mawazo ya John Stuart Mill kuipima hali ya wanawake wa kabila lake mwenyewe. Wakati ule kijana msomi angeweza kwa urahisi kuandika juu ya ubaya wa Mzungu, na ubaya huo ulikuwapo tele. Yeye alianza na nyumba ya baba yake. Sisi twaona kwamba hapo pana ufunguo wa mambo mengi yaliyofuata.

Alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, akasoma Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hata 1952, akarudi, akafunga ndoa mjini Musoma na Maria Gabriel mwezi Januari 1953, akafundisha Pugu. Mwezi Machi 1955 ilimpasa kuchagua kati ya ualimu na siasa, naye akaacha kazi. Watu wengi huruka kutoka hapo moja kwa moja hadi uhuru wa mwaka 1961, na hivyo huipita miezi iliyo ya thamani sana kwetu. Mtu huyo asiye na mshahara alirudi kwao, akawa mwalimu wa lugha wa Padre Arthur Wille wa shirika la Maryknoll, akimfundisha Kizanaki. Wawili hao wakakaa pamoja wakiyageuza mafundisho na masomo ya Kanisa yawe Kizanaki.

Msomaji aliyewahi kufasiri hata barua fupi ajua ugumu wa kazi hiyo. Lugha ya wafugaji na wakulima ina maneno yake ya kosa, ya deni, ya laana, ya kutakaswa. Lipi kati ya hayo litabeba dhambi kama Kanisa linavyoifundisha, yaani kosa ambalo mtu amelichagua mwenyewe mbele ya Muumba wake, wala si mkosi uliomwangukia? Mfasiri hawezi kukwepa swali hilo kwa maneno matamu. Hana budi kuchagua, na akichagua amekwisha kusema lake.

Tangu hapo hakuiacha kazi ya kufasiri. Mwaka 1963, akiwa Rais, ulitolewa mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar aliouweka katika Kiswahili, nao ukatolewa tena mwaka 1969 baada ya kusahihishwa, ukiitwa Juliasi Kaizari. Aliuandika kwa mistari isiyo na vina, jambo lililokuwa geni masikioni mwa wapenzi wa ushairi wa pwani. Lakini tuutazame mchezo wenyewe. Ndani yake uovu mkubwa, mauaji ya mkuu wa nchi, watendwa na Brutus, mtu mwema kuliko wote waliomo. Anaua kwa kuwa anaipenda Roma, na anaamini kwamba damu hiyo italeta uhuru. Badala yake inaleta vita. Haukupita muda mrefu, na mwezi Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi, na mfasiri wa mchezo huo akalazimika kujificha. Twadhani hakuna kiongozi wa Afrika aliyeujua mchezo ule mstari kwa mstari kama yeye alipojikuta katika hatari ya namna ile.

Mchezo wa pili ulitoka mwaka 1969, nao ni Mabepari wa Venisi. Hapa twamwona mtu mwingine kidogo. Shakespeare aliuita mchezo wake kwa jina la mfanyabiashara mmoja wa Venice. Mfasiri wetu aliwafanya wawe wengi, akawapa jina ambalo kwa wakati ule lilikuwa ni shutuma. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa tarehe 5 Februari 1967, na neno bepari lilisikika kila mkutano. Basi jalada la kitabu lilikuwa limekwisha kutoa hukumu kabla ya msomaji kufungua ukurasa wa kwanza: mwovu ni tabaka, ni mpango wa kunyonya. Hata hivyo mchezo wenyewe hauitii hukumu hiyo. Shylock, mkopeshaji mwenye kudai ratili ya nyama ya mdeni wake, ni katili, naam; lakini pia ni Myahudi aliyetemewa mate na Wakristo, naye analia kwa sauti inayomfanya msomaji aone haya. Waungwana wanaomshinda mahakamani si watakatifu. Maoni yetu ni kwamba jina la kitabu ni la mwanasiasa, na kitabu kilichomo ndani ni cha mwalimu.

Katika miaka hiyo ndipo wazo la uovu wa taratibu lilipokuwa na nguvu sana kwake. Mwezi Oktoba 1967 alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, maili zaidi ya 100, akiliunga mkono Azimio. Aijuaye njia hiyo ajua jinsi inavyokwenda Bunda, kisha ikashuka kando ya ziwa kuelekea Magu. Wakatoliki wa Bunda, ambao tangu mwaka 2010 wana jimbo lao, wana haki ya kuihesabu safari ile katika historia yao. Mwaka huohuo wa 1967, wiki chache tu baada ya Azimio, Papa Paulo VI alitoa waraka wake juu ya maendeleo ya mataifa, na watu wengi waliona jinsi sauti hizo mbili zinavyokaribiana.

Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1970, alialikwa New York kusema mbele ya Masista wa Maryknoll, ndugu wa wale aliowajua tangu Musoma. Hotuba hiyo huenda ndiyo yenye uzito kuliko zote alizotoa juu ya dini. Aliuanzia uumbaji. Ikiwa mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, alisema, basi yeye hakubali kumfikiri Mungu aliye fukara, mjinga, mwenye hofu na kuonewa, hali ambayo ndiyo ya wengi wa viumbe vyake. Kwa hiyo umaskini wa watu si bahati mbaya ya kuvumiliwa tu. Ni kuharibu sura ya Muumba, na Kanisa lisilopigana na taratibu zinazouzaa umaskini huo litaonekana kuwa upande wa wakosaji. Maneno hayo yaliwachoma wengi, na yalistahili kuwachoma.

Lakini sasa twafika penye ugumu, nasi hatutaki kupita kando. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri. Jambo lililokuwa hiari tangu Azimio likawa la lazima. Katika mwaka wa 1974 na miaka iliyofuata, mamilioni ya watu walihamishwa, na katika mikoa mingi nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Mara haikusalimika. Na mwaka huohuo wa 1974, mwezi Novemba, katika mkoa huohuo, chama kilikutana na kutoa Azimio la Musoma, lililoamua kwamba ifikapo mwaka 1977 watoto wote wa umri wa shule wapate elimu ya msingi. Mtoto mmoja aliweza kuona paa la baba yake likiangushwa na mlango wa shule ukifunguliwa, vyote viwili kwa maagizo ya serikali moja. Wapo wazee wa Mara wasiosahau paa lile, na wapo waliosoma kwa sababu ya mlango ule. Mara nyingine ni watu walewale.

Kisha kulikuwa na jambo la Mwanza na Shinyanga. Vikongwe walikuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, na mwaka 1976 serikali ilitaka kuukomesha ukatili huo. Watuhumiwa walikamatwa, wakateswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Yaani waliotumwa kuufuta uovu waliutenda. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, aliacha kazi kwa kuwajibika, ijapokuwa mkono wake haukumgusa mtu, na baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani. Mwinyi huyo ndiye aliyekuja kuwa Rais baada ya Mwalimu. Twaongeza kwamba sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila hukumu, iliyopitishwa mwaka 1962, iliendelea kutumika katika miaka yote ya urais wake.

Mtu aliyefasiri habari za Brutus hakuweza kukosa kuona mambo hayo. Mwaka 1977, alipoandika taarifa ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, alikiri mbele ya taifa kwamba nchi haikuwa imefikia ujamaa wala kujitegemea, na kwamba makosa yamefanyika. Watawala wa cheo chake ni wachache waliowahi kuandika hivyo wakiwa bado wamekalia kiti. Hata hivyo kukiri makosa ya nchi ni jambo moja, na kumrudishia mkulima paa lake ni jambo jingine.

Aliacha urais mwaka 1985, na uenyekiti wa chama mwaka 1990, akawa na wakati zaidi wa kukaa Butiama. Mwaka 1996 Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho walitoa kazi yake ambayo Wakristo wengi hawajaigusa hata leo: Enjili zote nne, za Mathayo, Marko, Luka na Yohane, pamoja na Matendo ya Mitume, zote katika utenzi. Utenzi ni bahari ambayo kwa karne nyingi Waislamu wa pwani waliitumia kusimulia habari za Mtume, vita vya dini na hukumu ya siku ya mwisho. Mzanaki kutoka bara, mtu aliyejifunza Kiswahili shuleni, aliichukua bahari hiyo akaipakia Habari Njema.

Kazi hiyo si ya wiki mbili. Anayetunga utenzi hulipima kila neno kwa mizani na vina, na hawezi kuharakisha aya asiyoipenda. Ilimbidi akae na kijana tajiri aliyeondoka kwa huzuni, na kwa hiyo na unyonyaji. Lakini ilimbidi akae pia na Petro akimkana Bwana kando ya moto, na Pilato akinawa mikono kwa sababu za utawala bora wa mji. Katika Enjili mkusanya ushuru hahukumiwi kwa tabaka lake. Anaitwa kwa jina, anashuka mtini, anarudisha mara nne. Twaamini, na hii ni imani yetu tu, kwamba mzee aliyekuwa ameanza na katekisimu ya Kizanaki, akapita katika mabepari na maazimio, alikuwa amerudi katika swali la miezi ile ya 1955 kwa ujuzi mwingine kabisa.

Alizikwa Mwitongo tarehe 23 Oktoba 1999, karibu na msitu wa Muhunda. Wanaochunguza maisha yake hawana budi kusoma vyote: tenzi na hotuba, pamoja na amri ya Novemba 1973. Wazee wa Mara waliohamishwa mwaka 1974 wanazidi kupungua kila mwaka, na ushahidi wao wahitajiwa kuandikwa wangali hai.