Otto Dempwolff na Sauti za Kijabem

Otto Dempwolff alizaliwa mwaka 1871 huko Pillau, mji wa Prussia ya Mashariki nchini Ujerumani. Alisomea udaktari, na kazi hiyo ndiyo iliyompeleka New Guinea, kisha Afrika Mashariki. Katika Tanzania ya leo alichunguza lugha ya Wasandawe, yenye vidoko, yaani sauti zinazotolewa kwa kubana ulimi kwenye kaakaa na kuuachia ghafla. Kitabu chake juu ya Wasandawe kilichapishwa mwaka 1916.

Baadaye aligeukia isimu mjini Hamburg, alikofundisha Carl Meinhof, mlinganishi mashuhuri wa lugha za Kibantu. Dempwolff alitumia ulinganishi wa namna hiyo kwa lugha za Kiaustronesia, zilizoenea kutoka Madagaska hadi visiwa vya Pasifiki. Matokeo yalitoka katika majuzuu matatu, kati ya mwaka 1934 na 1938. Kwake, maneno mawili kufanana hakukuwa ushahidi. Ushahidi ni ulingano wa sauti unaojirudia katika maneno mengi.

Lugha mojawapo aliyoishughulikia ni Kijabem, lugha ndogo ya Ghuba ya Huon, New Guinea. Wamisionari wa Kilutheri waliifanya lugha ya shule na kanisa, hivyo watu wa lugha nyingine wakalazimika kujifunza. Kijabem kina irabu saba na toni mbili, ya juu na ya chini. Silabi yenye kipasuo sighuna, kama vile /p/, /t/ au /k/, huwa na toni ya juu. Yenye kipasuo ghuna, kama vile /b/, /d/ au /g/, huwa na toni ya chini. Kwa hiyo mwalimu wa Kijabem hawezi kufundisha konsonanti na kuiacha toni.

Dempwolff alifariki mwaka 1938. Sarufi yake ya Kijabem ilichapishwa mwaka uliofuata.

Katika Kiswahili sanifu mambo ni tofauti: *pata* na *bata* hutofautishwa na ghuna pekee, na mkazo hubaki kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiganda, Kirundi au Kinyarwanda amezoea toni, na huenda akaileta katika Kiswahili. Kabla ya kumsahihisha, mwalimu na achunguze kwanza mfumo wa sauti anaotoka nao. Kosa linalojirudia lina kanuni yake.