Askofu Steere, Mchapaji wa Vitabu

Hapa Dzaleka Biblia zetu nyingi zimepoteza majalada, nasi tumekuwa tukizishona kwa uzi na kuzibandika kwa gundi tunayonunua Lilongwe. Kazi hiyo ndiyo iliyotukumbusha Edward Steere.

Alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria, kisha akawa padri. Mwaka 1863 alikuja pande hizi pamoja na Askofu Tozer, kuendeleza misheni iliyoanza Magomero, kusini mwa Malawi, mwaka 1861. Njaa, vita na homa vilikuwa vimewamaliza watu. Wakakaa kidogo mlima Morumbala, upande wa Msumbiji, halafu mwaka 1864 wakahamia Unguja. Walilaumiwa sana kwa kuondoka, hata na Livingstone. Sisi tuliowahi kukimbia hatuna haraka ya kuwahukumu.

Huko Unguja, Sultani Majid aliwapa watoto watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Vijana wa namna hiyo ndio waliofundishwa uchapaji katika misheni: kupanga herufi za risasi moja moja, kupaka wino, kukandamiza karatasi kwa mtambo wa mkono. Anayedhani ni kazi ndogo akumbuke kwamba herufi hizo hupangwa kinyumenyume! Basi watoto waliouzwa kama mbuzi wakawa watengenezaji wa vitabu vya Kiswahili.

Steere mwenyewe alijifunza lugha kwa Waswahili wa Unguja, Waislamu, na tusiwasahau. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha sarufi na kingine cha hadithi zao. Mwaka 1874 akawa askofu.

Mwaka 1876 aliongoza kundi la watumwa walioachiwa huru, wakirudi kwao upande wa ziwa Nyasa. Hawakufika. Walipoona Masasi pana maji na udongo mzuri, wakaomba wakae hapo, naye akakubali. Wangapi kati yetu wanaijua safari ya namna hiyo?

Alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilojenga Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka mwaka 1891, naye hakuiona. Ile tunayoisoma wengi wetu, ya mwaka 1952, ilichota humo na katika tafsiri ya Mombasa.

Mwenye Biblia iliyoachana kurasa ailete Jumamosi baada ya maombi. Uzi bado upo.