Ambroise Paré, Kinyozi Aliyefunga Mishipa ya Damu

Mwezi huu twataka kuwasimulia habari za mtu wa Ufaransa aitwaye Ambroise Paré. Tangu kufa kwake imepita miaka zaidi ya mia nne, walakini kazi yake yaonekana hata leo katika kila hospitali, popote mpasuaji akatapo mwili wa mtu na kuufunga mshipa wa damu kwa uzi. Hakuwa mchungaji wala mhubiri. Lakini tumeona ya kuwa habari zake zawafaa Wakristo, na hasa walimu wetu wa vijiji, kwa sababu aliweza jambo lililo gumu kwa mtu mwenye sifa: aliungama mbele ya watu wote kwamba alivyofundishwa, naye akavifanya kwa miaka mingi, vilikuwa vibaya.

Paré alizaliwa yapata mwaka 1510 karibu na mji wa Laval, upande wa magharibi wa Ufaransa. Siku zile kazi ya kuwatunza wagonjwa ilikuwa na ngazi zake. Juu walikaa matabibu waliosoma Kilatini katika chuo kikuu. Hao walisema dawa ipi itumike, lakini hawakutaka kuitia mikono yao damuni. Chini yao walikuwa wapasuaji. Na chini ya wote walikuwa vinyozi, ambao pamoja na kunyoa ndevu walitumbua majipu, waliumika na kufunga vidonda. Paré alianza huko chini, wala Kilatini hakukijua. Alipofika Paris alipata kuingia katika Hôtel-Dieu, nyumba kubwa ya wagonjwa maskini. Huko alikaa yapata miaka mitatu, akiona magonjwa ya kila namna, na kuichungua miili ya wafu apate kujua jinsi Mungu alivyoiumba. Hiyo ndiyo shule yake.

Katika miaka ya 1536 na 1537 mfalme Francis wa Kwanza alipeleka jeshi kaskazini mwa Italia, penye mji wa Turin, na Paré akafuatana nalo. Alikuwa kijana, hajawahi kutunza jeraha la bunduki. Lakini alikuwa amesoma maneno ya Giovanni da Vigo, mwalimu aliyesifiwa sana, aliyefundisha ya kuwa baruti ni sumu, na kwamba mtu aliyepigwa risasi lazima jeraha lake litiwe mafuta yaliyochemka ili sumu ife. Paré akawatazama wapasuaji wenzake, akaona wote wafanya hivyo. Naye akafanya kama wao.

Siku moja majeruhi walikuwa wengi hata mafuta yakamwishia. Akachanganya kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini, akawapaka wale waliosalia. Usiku ule hakupata usingizi. Alihofu kwamba wale aliowanyima mafuta ya moto atawakuta maiti, nao wamekufa kwa ajili yake. Akaondoka alfajiri kwenda kuwatazama. Akawakuta wamepumzika usiku, maumivu yao ni machache, na majeraha yao hayakuvimba. Bali wale waliotiwa mafuta ya moto walikuwa na homa na maumivu makali, na nyama imefura pande zote za majeraha. Tangu saa ile akaazimu moyoni mwake kuyaacha mafuta yale.

Tuyafikiri haya kidogo. Angaliweza kunyamaza na kusema ilikuwa bahati tu. Kesho yake mafuta mengine yangalipatikana, naye angalirudi katika njia ya wakuu wake pasipo lawama. Lakini hakuamini asubuhi moja tu. Aliendelea kutazama siku baada ya siku, kisha mwaka 1545 akaandika kitabu juu ya majeraha ya bunduki, akakiandika kwa Kifaransa ili vinyozi wenziwe wasiojua Kilatini wapate kukisoma. Wala tusidhani ya kuwa macho yake yalifunguka yote kwa siku moja. Kule Turin alimbembeleza mpasuaji mmoja karibu miaka miwili apate siri ya dawa yake, na siri yenyewe ilikuwa mafuta yaliyopikwa pamoja na watoto wa mbwa na nyungunyungu. Paré akaishukuru na kuitumia. Nuru humjia mtu kidogo kidogo.

Liko jambo la pili, nalo ndilo lililomfanya ajulikane. Mtu alipokatwa mguu, damu iliruka kwa nguvu kutoka katika mishipa mikubwa, na desturi ya wapasuaji ilikuwa kuizuia kwa chuma chekundu cha moto. Mgonjwa aliyekwisha kuteswa na msumeno aliteswa tena na moto. Mara nyingi gaga la ule moto lilibanduka baada ya siku chache, damu ikatoka upya, naye akachomwa tena. Paré aliifuata desturi hiyo kwa miaka mingi. Walakini alijua ya kuwa watu wa kale, kama Galeno, waliufunga mshipa wa damu kwa uzi palipokuwa na jeraha. Akajiuliza, kwa nini usifungwe vivyo hivyo mguu ukatwapo? Mwaka 1552, jeshi lilipouzunguka mji wa Damvillers, alimkata mguu bwana mmoja aliyepigwa na mzinga. Akaukamata kila mshipa kwa koleo lenye ncha kama mdomo wa kunguru, akauvuta kidogo, akaufunga kwa uzi. Damu ikakoma. Yule bwana akarudi kwao na mguu wa mti, akifurahi kwamba hakuchomwa.

Mwaka uo huo, katika safari ya vita, mtumishi mmoja alikatwa kwa panga mara kumi na mbili. Wenziwe wakamwona hana maisha, wakamchimbia kaburi. Paré akamwonea huruma, akaomba aachiwe mtu yule. Wakamlaza katika gari, naye Paré akawa kwake tabibu, mtengeneza dawa, mpasuaji na mpishi, mpaka akapona. Askari walipoona hayo wakamchangia Paré fedha, kila mtu kwa cheo chake. Lakini yeye hakujihesabia sifa ya kuponya. Kazi ya mikono yake aliiona ni kufunga jeraha, na uponyaji aliuita kazi ya Mungu. Mwisho wa mwaka ule mfalme akampenyeza usiku kati ya adui, aingie katika mji wa Metz uliozungukwa na jeshi la Kaisari Karoli wa Tano. Waliokuwamo wakampokea kwa furaha, wakisema rohoni ya kuwa sasa wakijeruhiwa hawatakufa.

Paré aliwatumikia wafalme wanne: Henri wa Pili, François wa Pili, Charles wa Tisa na Henri wa Tatu. Mwaka 1554 wapasuaji wa chama cha Saint-Côme wakampokea yule kinyozi kati yao, ijapokuwa Kilatini hakukijua. Hata hivyo si kila mgonjwa wake aliyepona. Mwaka 1559 mfalme Henri wa Pili alipigwa mkuki usoni katika mchezo wa farasi, akafa baada ya siku kumi, ingawa Paré alikuwapo, na Vesalius, mjuzi wa mwili wa binadamu, aliitwa kutoka mbali. Tena mwaka 1561 Paré mwenyewe alipigwa teke na farasi, mifupa yote miwili ya mguu ikavunjika hata ikatokeza nje. Akalala kitandani kama wale aliowatunza, akaijua hofu yao. Mguu haukukatwa, akapona.

Katika vitabu vyake hakuwasahau watu walioharibika sura. Jeraha la uso hakupenda kulipitisha sindano, bali alibandika vitambaa kwa gundi kando ya jeraha, akavishona vitambaa vyenyewe, kovu lisiwe baya. Aliandika jinsi ya kuuunga mdomo wa sungura. Alionyesha picha za pua za fedha, za macho ya kutiwa, na za mikono ya chuma yenye vidole vya kukunjika, iliyofanywa na fundi wa makufuli wa Paris. Aliwaonya pia wapasuaji vijana juu ya uvimbe utokao katika mshipa mkubwa wa damu uliolegea na kutanuka. Uvimbe huo hupwita kama moyo. Asiyejua huudhani ni jipu, akautumbua, na mgonjwa hufa kwa kutokwa na damu. Paré alifundisha ya kuwa ule mkubwa usiguswe kwa kisu, na ule mdogo mshipa wake ufungwe kwanza kwa uzi.

Mwezi wa Agosti 1572 huko Paris alipigwa risasi Gaspard de Coligny, mkuu wa Waprotestanti wa Ufaransa. Paré ndiye aliyeitwa, akamkata kidole kilichoharibika na kulipasua jeraha la mkono. Siku mbili baadaye Coligny akauawa pamoja na maelfu ya Waprotestanti, usiku wa sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo na siku zilizofuata. Kwa ajili ya habari hii wengi wa upande wetu wamependa kumhesabu Paré kuwa mwenzetu. Lakini vitabu vya kanisa vyaonyesha ya kuwa watoto wake walibatizwa katika Kanisa Katoliki, naye mwenyewe akazikwa huko. Haifai tujitwalie mtu kwa sababu twampenda. Yatosha tujue kwamba jeraha lilipokuwa mbele yake hakuuliza ni la nani.

Mwaka 1575 maandiko yake yote yalipopigwa chapa pamoja, matabibu wa chuo kikuu cha Paris wakakasirika ya kuwa kinyozi ameandika, tena kwa lugha ya watu wote. Mkuu mmoja wao, Étienne Gourmelen, akaipinga kazi ya kufunga mishipa kwa uzi, akakitetea chuma cha moto kwa kuwa wazee wa kale walikikubali. Paré akamjibu mwaka 1585. Alitaja maneno ya wazee nao, kisha akasimulia safari zake za vita, mji kwa mji na mtu kwa mtu, jinsi walivyojeruhiwa na jinsi walivyopona. Hata hivyo chuma cha moto hakikuachwa upesi. Kiliendelea kutumiwa miaka mingi baada ya kufa kwake.

Uzi wa Paré ulijua kuufunga mshipa tu, damu isipite. Kuuunga mshipa ili damu ipite tena kulingoja hata mwaka 1902, Mfaransa mwingine, Alexis Carrel, alipoeleza njia ya kuzishona ncha mbili za mshipa. Naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1912. Mwaka 1960 huko Marekani Julius Jacobson akaonyesha ya kuwa kwa kutazama katika hadubini hata mshipa mwembamba kama kijiti cha kiberiti waweza kushonwa, na baada yake wakashona iliyo myembamba kuliko huo. Leo mtoto aliyezaliwa na mishipa ya damu iliyosokotana usoni huweza kusaidiwa. Madaktari huiziba kwa dawa au kwa mrija mwembamba upitishwao ndani yake, na mara nyingine huikata. Tena palipobaki pengo huweza kuleta nyama hai kutoka pajani au mkononi pamoja na mshipa wake, wakaushona huo na mshipa wa usoni kwa uzi ulio mwembamba kuliko unywele.

Basi, ninyi walimu wa vijiji, mkimwona katika usharika mtoto afichwaye ndani kwa ajili ya uso wake, msiwaache wazazi wamfiche. Waambieni wampeleke hospitali. Na mkiona uvimbe upwitao, msimruhusu mtu yeyote kuutumbua nyumbani.

Mwaka 1590 Paris ulizingirwa, na watu wakafa kwa njaa. Paré alikuwa mzee wa miaka themanini hivi. Akakutana barabarani na askofu mkuu wa Lyon, mmoja wa wakuu waliokataa mapatano. Yule kinyozi wa zamani akamsimamisha mbele za watu, akamsihi kwa jina la Mungu awahurumie maskini wanaokufa na kutafuta amani. Mji ulifunguliwa siku chache baadaye. Paré akafa tarehe 20 Desemba mwaka uo huo. Jeraha lile hakuweza kulifunga kwa uzi, lakini hakupita pembeni akaliacha.