Mekatilili wa Menza: Kiapo Mbele ya Dola

Mpita njia wa Kengeleni, Mombasa, huikumbuka Frere Town, makao ya watumwa walioachiliwa huru yaliyoasisiwa na wamisionari mwaka 1875. Dini hiyo dola ya Mwingereza iliihifadhi. Ile ya kaya iliitia pingu.

Mnyazi wa Menza, maarufu kwa jina la Mekatilili, alikuwa mjane wa makamo mwaka 1913 alipoizunguka nchi ya Wagiriama akicheza kifudu na kuwaita watu Kaya Fungo. Huko wanawake walikula kiapo cha mukushekushe, wanaume kile cha fisi: wasilipe kodi, wasiwatoe vijana wao kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Hapakurushwa mshale. Lakini ofisa Arthur Champion alitambua (na katika hili hakukosea) kwamba kiapo humfunga Mgiriama kuliko amri ya serikali. Tarehe 17 Oktoba 1913 Mekatilili alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakahamishiwa Kisii. Januari 1914 walitoroka, wakarejea kwa miguu mamia ya kilomita. Agosti serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vilizuka baada ya hapo, si kabla.

Walikamatwa tena. Waliporudi mwaka 1919 waliishi katika kaya ile ile, Mekatilili akiongoza baraza la wanawake.