Carl Akeley: Mwindaji Aliyegeuka Mlinzi

Mbingu zikitakata, askari aliye zamu Gisenyi huiona milima ya Virunga. Kwenye mteremko wa Mikeno, upande wa Kongo, alizikwa Carl Akeley, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1864.

Kazi yake ilikuwa kuwatengeneza wanyama waliokufa ili waonyeshwe katika makumbusho. Mwaka 1921 alifika Mikeno na bunduki, na msafara wake ukaua gorila watano. Lakini alipowatazama kwa karibu, alitambua kuwa wasipolindwa wangetoweka. Akamshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji, na tarehe 21 Aprili 1925 ikaundwa Hifadhi ya Albert, hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika. Mwaka 1926 alirejea kuwachunguza gorila, akaugua, akafa huko huko tarehe 17 Novemba.

Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilipata gorila 604 katika milima hiyo. Sisi tuliokula kiapo tunajua kuwa amri peke yake hailindi kitu. Upande wa Kongo, walinzi zaidi ya 200 wamekufa kazini. Bustani hii ya umma imesimama kwa jasho na damu yao.